Daftari la Anwani za Afrika na Kampuni Mbili za Visiwani

Leo naomba mnivumilie, kwa sababu makala haya ni marefu kuliko kawaida na hayana hata mstari mmoja wa msimbo. Ni historia. Lakini ni historia ya kitu ambacho kila mmoja wenu anakitumia dakika hii anaposoma, yaani anwani ya IP, na ya kampuni iliyoandikishwa kisiwani ili kuzitunza anwani hizo.

Kwanza niwaeleze nilivyoingia katika mambo haya. Mwaka jana mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuoni tulikuwa karibu kuanzisha kampuni. Programu tulikuwa nayo, wateja wawili tulikuwa nao, na mteja wa tatu, wa Ulaya, akatuambia kwamba angependelea kulipa kampuni ya "kimataifa". Mwenzangu hakulala. Kufikia asubuhi alikuwa amempata wakala mtandaoni mwenye orodha ya bei: Ushelisheli ni siku chache tu na huhitaji hata kuwa na ofisi huko, Morisi huchukua muda zaidi na hugharimu zaidi, lakini ina heshima kwa mabenki. Fomu zenyewe zilikuwa kurasa chache. Alichotaka kwangu ni sahihi.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, nipe wiki moja." Nilikuwa nimesikia kisa cha kampuni moja ya Morisi na nyingine ya Ushelisheli, na nilitaka kukisoma hadi mwisho kabla ya kutia sahihi. Wiki ikawa wiki tatu. Haya ndiyo niliyoyakuta.

ANWANI NI KAMA SHAMBA

Anwani za IP za aina ya zamani, IPv4, zina biti 32. Hivyo basi dunia nzima ina anwani 4,294,967,296 na hakuna namna ya kuongeza hata moja. Mwanzoni zilionekana nyingi mno. Vyuo vikuu na kampuni za Marekani zikapewa mamilioni bila kuulizwa maswali mengi. Leo hazitoshi, ndiyo maana rununu yako na za majirani zako zinaweza kuwa nyuma ya anwani moja ya kugawana. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta hitilafu katika mfumo wa mteja, kumbe anwani tuliyopewa ilikuwa imefungiwa nje na tovuti fulani kwa sababu ya makosa ya mtu mwingine aliyekuwa akigawana nasi.

Sasa, nani husema anwani fulani ni ya nani? Hapa Wakenya hatuna haja ya mwalimu. Sote tunajua kwamba kulima shamba ni jambo moja, na jina lako kuwa katika daftari la ardhi ni jambo jingine kabisa. Intaneti nayo ina ofisi zake za ardhi. Ziko tano duniani, kila moja na kanda yake, na kazi yao kubwa ni kutunza daftari: anwani kutoka hapa hadi pale zimepewa fulani. Ofisi ya kanda yetu, Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, inaitwa AFRINIC. Ukitazama anwani yako na ukaona inaanza na 41, 102, 105 au 197, kuna uwezekano mkubwa kwamba imetoka katika daftari lake.

KABLA YA AFRINIC

Katika miaka ya 1990 Afrika haikuwa na ofisi yake. Mtoa huduma wa Afrika aliyetaka anwani aliandika Uholanzi, kwa RIPE NCC, au Marekani, kwa ARIN, kutegemea alikuwa sehemu gani ya bara. Aliulizwa maswali na watu wasiojua hali ya laini za simu huku kwetu, na akalipa ada kwa dola.

Mnamo Desemba 1998 wahandisi wa Kiafrika walikutana Cotonou, Benin, kuzungumzia sajili ya bara. Jina linalotajwa zaidi katika juhudi hizo ni la Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa watu walioleta intaneti Afrika Magharibi. Wengi wao walikuwa watu wa kujitolea waliokuwa na kazi zao nyingine. Mwaka 2001 ICANN, shirika linalosimamia majina na nambari za intaneti, lilitoa hati iitwayo ICP-2, yenye masharti ya kuunda sajili mpya ya kanda. Hapo wahandisi wakapata kitu wanachokipenda: orodha ya mahitaji.

Sajili ilihitaji mambo mengi, na moja lilikuwa hili: iwe mtu kisheria. Iweze kufungua akaunti ya benki, kuajiri, kutia sahihi mikataba. Kwa maneno mengine, iandikishwe mahali fulani. Wapi?

KWA NINI MORISI

Hapa turudi nyuma kidogo. Morisi ilipata uhuru tarehe 12 Machi 1968 ikiwa na zao moja la maana, miwa. Ni kisiwa cha takriban kilomita 2,000 za mraba, hakina mafuta wala madini. Mwaka 1970 ilipitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje, na nguo zikaanza kushonwa huko. Mwaka 1992, mwaka ule ule ilipokuwa jamhuri, ilipitisha sheria ya kuvutia shughuli za kifedha za kigeni. Mwaka 2001 ikaja Sheria mpya ya Makampuni. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikijenga mji wa teknolojia pale Ebène, kusini mwa Port Louis, kwa msaada wa mkopo wa India.

Ukiangalia vizuri utaona mtindo. Nchi ndogo isiyo na kitu cha kuchimba ardhini iliamua kuuza utaratibu: sheria inayoeleweka, mahakama zinazofanya kazi, karani anayejibu barua. Sheria zake zina mizizi miwili, ya Kifaransa na ya Kiingereza, na rufaa ya mwisho huenda hadi London, kwa Baraza la Faragha. Kwa shirika la bara ambalo nusu ya wanachama huandika Kifaransa na nusu nyingine Kiingereza, ilikuwa vigumu kupata mahali pafaapo zaidi. Tena Morisi haikuwa miongoni mwa majabari ya bara, na hakuna aliyeweza kulalamika kwamba jirani mkubwa ameibeba sajili.

Basi mwaka 2004 AFRINIC ikaandikishwa Morisi kama kampuni ya dhamana, isiyo na hisa wala faida ya kugawana. ICANN iliitambua kwa muda Oktoba mwaka huo, kisha rasmi Aprili 2005. Afisa mkuu mtendaji wa kwanza alikuwa Adiel Akplogan wa Togo.

Na hapa kuna jambo linalonigusa kama mtu wa kompyuta. Waanzilishi hawakutaka kila kitu kikae mahali pamoja. Makao makuu yakawa Morisi, mitambo ikawekwa Afrika Kusini, nakala za akiba zikawekwa Misri, na uratibu wa mafunzo ukapelekwa Ghana. Ni usanifu ambao yeyote kati yetu angeusifu. Umeme ukipotea Morisi, daftari lipo. Kebo ikikatika, daftari lipo.

Kitu kimoja tu hakikuwa na nakala ya akiba. Uhai wa kampuni yenyewe kisheria ulikuwa katika nchi moja, mbele ya mahakama za nchi moja. Nao haukuwa na kinga ya aina wanayopewa mashirika ya kimataifa kwa mkataba na nchi mwenyeji. Kwa macho ya sheria, daftari la bara zima lilikuwa mali ya kampuni ya kawaida, sawa na kampuni ya kuuza maji ya chupa.

KISIMA CHA MWISHO

Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia ya anwani za IPv4 ilikwisha. Kila sajili kati ya zile tano ilipewa fungu moja la mwisho, anwani 16,777,216. Asia na Pasifiki wakaishiwa mwaka huo huo, Ulaya 2012, Amerika ya Kusini 2014, Marekani ya Kaskazini 2015. Afrika, ambayo intaneti yake ilikua polepole, ilibaki na akiba. Tukawa kisima cha mwisho chenye maji wakati wa kiangazi, na mnajua wenyewe kinachotokea kwenye kisima kama hicho: watu huja na mitungi kutoka mbali.

Walianzia ndani. Mwaka 2019 mtafiti mmoja wa Marekani na wanahabari wa Afrika Kusini walifichua kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamebadilishwa majina katika daftari. Ukaguzi wa AFRINIC wenyewe baadaye ulihesabu takriban milioni 4, baadhi kutoka akiba yake na nyingine za mashirika ya zamani ambayo hayakuwa yakizitazama. Lawama zilimwangukia mmoja wa wafanyakazi wake wa mwanzo, ambaye aliondoka mwaka huo. Mkenya akisoma habari hiyo hahitaji maelezo zaidi: ni hati za mashamba zilizobadilishwa ndani ya ofisi ya ardhi.

Lakini kisa kikubwa zaidi kilipita mlango wa mbele.

KAMPUNI YA PILI

Kati ya 2013 na 2016 AFRINIC iliipa kampuni iitwayo Cloud Innovation zaidi ya anwani milioni 6. Kampuni hiyo imeandikishwa Ushelisheli, na mwenyewe, Lu Heng, ni mfanyabiashara wa Kichina ambaye shughuli zake za kukodisha anwani ziko Hong Kong.

Tusimame kidogo Ushelisheli. Visiwa 115, watu wapatao laki moja. Mwaka 1994 walipitisha sheria yao ya makampuni ya kibiashara ya kimataifa, wakifuata njia iliyofunguliwa na Visiwa vya Virgin vya Uingereza mwaka 1984. Fomula ni ile ile. Mgeni analipa ada ndogo ya kila mwaka, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa kufanya biashara na wenyeji wala hakutozwa ushuru wowote huko. Kwa serikali ni mapato kutokana na daftari tu. Mimi naiona hivi: kila kampuni ni rekodi moja katika hifadhidata, na nchi inauza rekodi. Baadaye masharti yalikazwa. Nyaraka za Panama zilizovuja 2016, zaidi ya milioni 11, zilikuwa na makampuni mengi ya Ushelisheli. Sheria iliandikwa upya mwaka huo, ushuru ukabadilishwa kuanzia 2019, na mwaka 2020 ikaja sheria ya kutaka wamiliki halisi wajulikane. Hata hivyo Umoja wa Ulaya uliiweka nchi hiyo katika orodha yake nyeusi ya ushuru 2020, ukaitoa 2021, ukairudisha Oktoba 2023, ukaitoa tena Februari 2024. Mwenye kampuni huko alilala na kuamka akiwa ndani au nje ya orodha bila yeye kufanya lolote.

Turudi kwenye kisa. Ushelisheli iko ndani ya kanda ya AFRINIC, kwa hivyo kwa karatasi kampuni ilikuwa ya kwetu. Wateja waliokodishwa anwani walikuwa kwa sehemu kubwa nje ya Afrika. Mwaka 2020 AFRINIC ilianza kukagua matumizi, na mwaka uliofuata ikasema kwamba mkataba wa uanachama umevunjwa kwa kuwa anwani za kanda zinatumika nje ya kanda. Cloud Innovation ilijibu kwamba hakuna kanuni inayoikataza kufanya hivyo, na kwamba intaneti haina mipaka. Nikiwa mkweli, nilipozisoma kanuni mwenyewe niliona kwa nini wanasheria wangeweza kulumbana. Wahandisi waliziandika wakidhani msomaji ni mhandisi mwenzao anayejua walichokusudia.

Katika miaka hiyo anwani moja ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 20, na bei ilikuwa ikipanda. Zidisha kwa milioni 6 uone ukubwa wa ugomvi.

JULAI 2021

Julai 2021 AFRINIC ilimfuta mwanachama huyo. Mahakama ya Juu ya Morisi ikatoa zuio na kuamuru arudishwe. Kisha, mwezi huo huo, kwa ombi la Cloud Innovation iliyokuwa ikidai fidia, mahakama ikafunga akaunti za benki za AFRINIC hadi kiasi cha dola milioni 50.

Fikiria hilo. Sava zilikuwa zinafanya kazi. Nakala za akiba zilikuwa salama. Hakuna mdukuzi aliyeingia. Lakini sajili ya bara zima haikuweza kufikia pesa zake kulipa mishahara, kwa sababu ya karatasi moja yenye muhuri. Sajili nyingine za dunia zikasema ziko tayari kusaidia. Akaunti zilifunguliwa baadaye mwaka huo, lakini kesi ziliendelea kuzaana.

Mwaka 2022 bodi ilipoteza akidi na nafasi ya afisa mkuu mtendaji ikabaki wazi. Uchaguzi wa kujaza nafasi za bodi ukazuiwa kortini. Septemba 2023 mahakama, kwa ombi la Cloud Innovation, ikaiweka AFRINIC chini ya mrasimu, msimamizi aliyeteuliwa na korti, kazi yake kubwa ikiwa kuandaa uchaguzi. Ilichukua hadi Juni 2025 kupiga kura, na kura hiyo ikafutwa baada ya mzozo kuhusu barua za uwakili. Cloud Innovation ikataka kampuni ivunjwe kabisa. Serikali ya Morisi nayo ikajitosa na kuteua mkaguzi, hatua iliyopingwa kortini vilevile. Hatimaye Septemba 2025 uchaguzi mwingine ulifanyika na wajumbe wanane wa bodi wakapatikana. Ilikuwa imepita takriban miaka mitatu bila bodi yenye akidi.

Muda wote huo watoa huduma wa Nairobi, Kampala na Goma waliendelea kuhitaji anwani. Shirika lisilo na bodi haliwezi kufanya maamuzi makubwa, na mgao wa anwani mpya ulikwama. Wanaoumia si kampuni kubwa zenye akiba. Ni yule kijana anayetaka kuwapa watu wa mtaa wake intaneti ya bei nafuu, naye hana anwani wala pesa za kukodisha kutoka nje, pengine zile zile zilizotoka katika kisima chetu.

NANI ALAUMIWE?

Nilipoanza kusoma nilidhani nitamaliza nikiwa na hasira na Morisi. Sina. Mahakama zake zilifanya kile ambacho mahakama hufanyia kampuni: mdai akija na hoja, husikilizwa, na mali hushikwa hadi kesi iishe. Sifa hizo hizo zilizowavutia waanzilishi, sheria inayoeleweka na korti isiyomwogopa mkubwa, ndizo zilizomfaa mpinzani wao. Ukichagua nchi kwa sababu korti zake zinasikiliza, ujue zitamsikiliza na adui yako.

Wala sitawalaumu waanzilishi. Mwaka 2004 anwani hazikuwa na bei sokoni. Walijenga chama cha watu wanaoaminiana wakakivisha vazi la kampuni, kwa kuwa fomu ilitaka hivyo. Vazi lilipokuja kuvutwa, ndani mkawa na mali ya mamia ya mamilioni ya dola. Hata ICP-2 ilikuwa kimya kuhusu nini kifanyike sajili ikianguka baada ya kutambuliwa, na baadaye ikaanza kuandikwa upya. Sisi hujaribu programu zetu kwa data mbovu ili tuone zitakavyoanguka. Katiba ya AFRINIC haikujaribiwa hivyo hadi siku ya vita yenyewe.

SAHIHI YANGU

Nilirudi kwa mwenzangu na kurasa zangu za maandishi. Tulibishana, tena kwa sauti. Yeye alisema sisi si AFRINIC, hatuna anwani milioni 6, tuna programu moja na deni la kodi ya nyumba. Alikuwa na haki. Kuna watu wengi wenye kampuni halali visiwani, wanaolipa wanachopaswa kulipa kwao nyumbani na kulala usingizi.

Nilimuuliza swali moja tu: tukigombana na mteja, au sisi wenyewe tukigombana, nani kati yetu ana nauli ya kwenda kusimama mbele ya jaji wa Victoria au Port Louis, na pesa za wakili wa huko? Alinyamaza, kisha akacheka. Jumatatu iliyofuata tuliandikisha kampuni hapa Nairobi. Mteja wa Ulaya tulimwandikia tukamweleza. Hakurudi. Bado mwenzangu hunikumbusha hilo kila mwisho wa mwezi pesa zikiwa chache, na sina jibu zuri la kumpa, ila kwamba korti ya Milimani naweza kufika kwa matatu.

Basi, ukiwa karibu kujaza fomu ya kisiwa chochote, soma bei, soma ushuru, halafu usome na kifungu kile cha chini kinachosema ni mahakama gani itakayosikiliza kesi zako. Hicho ndicho unachonunua hasa.

Haya, tuonane tena. Makala yajayo yatakuwa na msimbo, naahidi.